Kuotesha Almasi, Kupima Maneno: Istilahi za Mikroelektrodi kwa Msikilizaji wa Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Sentensi "Maji haya yana risasi" haina kosa la kisarufi. Katika kemia ya Kiswahili ni sentensi ya kawaida: risasi ni metali nzito, laini, yenye sumu, ambayo alama yake ni Pb. Lakini isomwe mbele ya mkutano wa kijiji huko Masisi au Walikale, Kivu ya Kaskazini, na swali la kwanza litakuwa: nani amepiga, na lini? Katika eneo ambalo vita vimekuja na kurudi tangu mwaka 1993, risasi ni ile itokayo kwenye bunduki. Msomaji wa taarifa alikusudia sumu. Wasikilizaji wamesikia mapigano.

Makala haya yanahusu kifaa kimoja kinachoweza kuzaa sentensi kama hiyo. Kifaa hicho ni kihisi cha kielektrokemia chenye elektrodi nyingi ndogo sana za almasi, zilizopangwa pamoja juu ya kibao kimoja. Nina malengo mawili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili jinsi kifaa hiki kinavyotengenezwa na kupimwa, huku nikipendekeza istilahi kila hatua inapodai. Pili, kuzipima istilahi hizo kwa sikio la mtu atakayeletewa majibu. Hoja yangu ni kwamba istilahi hutungwa chuoni lakini hupimwa pale itakaposikika. Istilahi iliyofaulu kwenye kamusi inaweza kufeli kisimani.

Nimechagua Masisi na Walikale kwa sababu mbili. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika na sehemu hizo nina watu wangu. Kiswahili chake nakijua kwa kukisema. Tena, milima ya huko imo ndani ya vifaa vya aina hii kwa namna ambayo wenyeji hawaelezwi. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Hata hivyo, kemia ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Mchimbaji anaishika koltani kwa mkono, na elimu ya koltani inakaa katika lugha nyingine.

2. Kifaa na maneno yake ya kwanza

Elektrodi ni kipande cha kitu kinachopitisha umeme, kinachotumbukizwa katika kimiminika ili elektroni ziingie au zitoke. Kemikali fulani iliyomo majini ikifika kwenye uso wa elektrodi, na volteji ikiwa ya kufaa, kemikali hiyo hutoa au hupokea elektroni. Mkondo mdogo wa umeme hupita. Volteji ambayo mkondo unatokea husaidia kujua ni kemikali gani. Ukubwa wa mkondo hueleza ni nyingi kiasi gani. Msingi wa upimaji wote ninaoueleza hapa ni huo.

Elektrodi ndogo sana, yenye upana wa mikromita chache hadi makumi machache, huitwa mikroelektrodi. Unywele wa binadamu una upana wa takribani mikromita 70, kwa hiyo mikroelektrodi nyingi zingejificha nyuma ya unywele mmoja. Nimekataa umbo "kielektrodi", ingawa ki- ya udogo ni ya asili katika Kiswahili, kwa sababu kiambishi hichohicho hutengeneza vivumishi: tunasema "kifaa cha kielektroni". Msomaji angejiuliza kama "kielektrodi" ni elektrodi ndogo au ni namna ya kuwa elektrodi. Kwa hiyo nabaki na mikroelektrodi, ngeli ya I-/ZI-.

Mikroelektrodi moja hutoa mkondo mdogo mno, ndiyo maana nyingi hupangwa pamoja na kuunganishwa. Mpango huo tuuiteje? Neno "safu" hutumika katika kompyuta, lakini safu ni mstari: safu ya milima, safu ya askari. Kifaa chetu ni eneo lenye urefu na upana, ambamo kila kimoja kina nafasi yake. Napendekeza "kitalu". Kitalu cha miche ni eneo lililogawanywa, lenye mashimo kwa mpangilio, na umbali kati ya shimo na shimo ni jambo la kufikiriwa. Tutaona kwamba umbali huo ndio roho ya kifaa.

Neno hili lina hatari yake. Tanzania, "kitalu" ni pia eneo la leseni ya uchimbaji. Atakayesikia "kitalu cha almasi" atafikiria Mwadui kabla ya kufikiria maabara. Kwa hiyo istilahi isifupishwe: ni kitalu cha mikroelektrodi za almasi. Kwetu, upande wa Kongo, neno nililolizoea kusikia kwa mahali pa kukuzia miche ni "pepinyeri", kutoka Kifaransa. Mwalimu anaweza kuanza na pepinyeri, kisha akaleta kitalu.

3. Milima miwili ndani ya kifaa kimoja

Rubaya, katika teritware ya Masisi, ni mji wa koltani. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka huko. Mwaka huohuo kundi la M23 liliutwaa mji huo. Walikale, teritware pana inayokaribia ukubwa wa nchi ya Rwanda, inajulikana kwa mgodi wa Bisie na mawe ya kasiteriti, ambayo ndani yake mna stani, metali ambayo mtaani tunaiita bati. Kwa miaka mingi wapagazi waliyabeba mawe hayo mgongoni kupitia msituni kutoka Bisie hadi Njingala.

Mawe hayo yanaingiaje katika habari ya almasi? Koltani ni ufupisho wa kolumbiti na tantaliti; hubeba metali mbili, niobi na tantali. Almasi ya maabara huoteshwa juu ya msingi wa kitu kingine. Kwa vitalu vya mikroelektrodi msingi huo mara nyingi ni silikoni, lakini kwa elektrodi kubwa za kusafishia maji machafu niobi hutumika sana, na tantali pia hufaa. Niobi nyingi ya dunia hutoka Brazili, siyo kwetu. Koltani ya Masisi hutafutwa hasa kwa ajili ya tantali. Tantali yenyewe huingia katika kapasita ndogo za saketi za simu, kompyuta na mitambo ya kupimia. Stani huingia katika ulehemu unaoshika nyaya za saketi hizo. Kwa hiyo mashine ya kupima maji inapowashwa, kuna uwezekano kwamba Rubaya na Bisie wamo ndani.

Kwa mwanaisimu, majina ya metali hizi ni somo. Mwaka 1801 Charles Hatchett wa Uingereza alitambua elementi mpya akaiita kolumbi. Mwaka uliofuata Anders Ekeberg wa Uswidi akatambua tantali. Aliipa jina la Tantalo wa hadithi za Wagiriki, mtu aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji asiweze kuyanywa, kwa sababu oksidi yake iliwekwa katika asidi na "haikunywa" chochote. Metali hizo mbili zilichanganywa kwa miaka mingi, hadi mwaka 1844 Heinrich Rose wa Ujerumani alipoipa moja jina la niobi, kutokana na Niobe, binti Tantalo. Jina "kolumbi" liliachwa rasmi katikati ya karne ya 20, lakini silabi yake ya kwanza ingali hai katika neno "koltani". Wachimbaji wa Rubaya wanalitamka kila siku jina ambalo wanakemia wamekwisha kulizika. Hivyo hata majina ya kimataifa yalitungwa na watu kwa hadithi za kwao; hatuna sababu ya kuona haya kutunga kwa shamba letu.

4. Kuotesha almasi

Almasi ya kifaa hiki haichimbwi. Kwa msikilizaji wa Kongo ni lazima jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu neno almasi humpeleka moja kwa moja Mbuji-Mayi. Tabaka la almasi la maabara huwa jembamba, mara nyingi mikromita chache tu, na malighafi yake ni gesi ya methani, gesi ileile iliyoyeyuka katika vilindi vya Ziwa Kivu.

Kazi huenda hivi. Kibao cha silikoni husafishwa, kisha hupakwa vumbi la almasi lenye chembe ndogo kupita kiasi. Chembe hizo ni mbegu, na mafundi wenyewe huziita hivyo. Kibao huingizwa katika chumba kilichotolewa hewa. Huingizwa haidrojeni nyingi na methani kidogo, takribani sehemu moja kwa mia. Njia moja ya kuzipasua gesi hizo ni kuzipitisha karibu na nyuzi za metali zilizowaka kupita nyuzijoto 2,000. Nyuzi hizo huwa za tungsteni au, tena, za tantali. Njia nyingine ni mawimbi ya maikrowevu. Kibao chenyewe hukaa katika joto la takribani nyuzi 700 hadi 900.

Methani ikipasuka, kaboni yake hutua juu ya mbegu. Kaboni inaweza kutua kwa mpangilio wa almasi au kwa mpangilio wa grafaiti, ile iliyo ndani ya penseli. Hapo ndipo haidrojeni inapofanya palizi: atomi zake huing'oa grafaiti haraka kuliko zinavyoing'oa almasi. Kinachobaki na kukua ni almasi. Ukuaji ni wa polepole. Kwa njia ya nyuzi zilizowaka, mikromita moja kwa saa ni mwendo mzuri.

Almasi safi haipitishi umeme. Ili ipitishe, huongezwa gesi yenye boroni wakati wa kuotesha. Atomi ya boroni ina elektroni moja pungufu kuliko kaboni, na upungufu huo huacha pengo ambalo umeme hupitia. Kwa elektrodi nzuri, boroni moja huingia kwa kila kaboni elfu moja au zaidi kidogo. Boroni kidogo huifanya almasi kuwa ya buluu. Ikiwa nyingi kiasi hiki, almasi huwa nyeusi. Nimependelea kusema "almasi iliyotiwa boroni", kwa mfano wa chai iliyotiwa sukari, na kukataa "almasi iliyochanganywa na boroni". Vitu vilivyochanganywa huweza kukaa bega kwa bega kila kimoja na hali yake; kilichotiwa kimeingia ndani na kubadili tabia ya kitu kizima.

Tazama sasa jinsi maneno yanavyoshikana: mbegu, kuotesha, palizi, kitalu. Mwanaisimu Kiingi wa Uganda alipendekeza vigezo vya kupimia istilahi vinavyojulikana kwa kifupi PEGITOSCA. Miongoni mwake ni usahihi, ufupi, uwazi, kwenda na mfumo na kukubalika. Familia hii ya kilimo inafaulu katika uwazi na katika mfumo. Usahihi unadai tahadhari moja: almasi haina uhai wala haili. Mwalimu aliseme hilo waziwazi kabla mwanafunzi hajauliza inamwagiliwa maji lini.

5. Nafasi kati ya shina na shina

Baada ya kuotesha, tabaka la almasi hufunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme, kwa mfano nitridi ya silikoni, au almasi isiyotiwa boroni. Kwa njia ya mwanga na kemikali, matundu ya duara hufunguliwa katika kifuniko hicho. Kila tundu linaloonesha almasi nyeusi chini yake ni mikroelektrodi moja.

Kwa nini tusiache uso wote wazi? Jibu liko katika namna kemikali inavyoifikia elektrodi. Elektrodi kubwa hulishwa kutoka mbele tu. Kemikali iliyo karibu ikiisha, njaa huanza na mkondo hupungua. Mikroelektrodi hulishwa kutoka pande zote, kama bakuli lililofunikwa juu yake, kwa hiyo mkondo wake hutulia na kubaki palepale. Pia kelele ya umeme inayotokana na uso wenyewe hupungua uso unapokuwa mdogo.

Mwendo huo wa kemikali vitabu vingine huuita "mtawanyiko". Neno hilo hunipa shida. Kutawanyika ni kuachana: mkutano umetawanyika. Hapa kemikali inakuja kukusanyika kwenye elektrodi. Napendekeza "usambaaji", yaani kwenda kutoka penye wingi kuelekea penye uchache, bila kutaja kama safari ni ya kuachana au ya kukutana.

Sasa rudi kwenye kitalu. Mikroelektrodi mbili zikikaribiana mno, maeneo yao ya kulishwa huingiliana, na kitalu kizima huanza kutenda kama elektrodi moja kubwa. Nilimweleza shangazi yangu, anayelima viazi Masisi, kuhusu matundu haya. Sikuwa nimetaja usambaaji. Alisema: "Ukipanda karibu-karibu, yote itagombania udongo moja." Kanuni ya usambaaji ikawa imesemwa, kwa ngeli za Kiswahili cha Kivu.

Hesabu inaonesha ukali wa jambo hili. Chukua kemikali ya majaribio iitwayo ferisianidi, ambayo kasi yake ya usambaaji majini ni takribani 7.6 × 10⁻¹⁰ m²/s. Kwa makadirio, eneo la upungufu mbele ya elektrodi huenea mikromita 50 hivi katika sekunde moja, na mikromita 150 hivi katika sekunde kumi. Kanuni ya zamani husema umbali kati ya vitovu viwili uwe angalau mara kumi ya nusukipenyo. Kwa mikroelektrodi yenye nusukipenyo cha mikromita 5, hiyo ni mikromita 50. Kwa kipimo cha haraka huenda ikatosha. Kwa kipimo cha polepole haitoshi. Hapa shamba na maabara vinaachana: viazi havibadilishi nafasi kwa kuwa mkulima ana haraka, lakini mikroelektrodi nafasi yake hutegemea muda wa kipimo. Sitiari njema ni ile ambayo mwalimu anajua inaishia wapi.

6. Kupima kitalu

Kitalu kikishatengenezwa hupimwa kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kilichoota ni almasi. Mwanga wa leza humulikwa juu yake na mwanga unaorudi huchambuliwa, njia inayoitwa kwa jina la C. V. Raman wa India aliyeigundua mwaka 1928. Almasi hutoa mstari mwembamba kwenye 1332 cm⁻¹. Grafaiti iliyokwepa palizi huonekana kama kilima kipana mahali pengine.

Hatua ya pili ni kupima nafasi ya volteji. Ukiongeza volteji sana, maji yenyewe hupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni, na mkondo wa maji hufunika kila kitu. Kwenye platini nafasi ya kufanyia kazi ni ndogo. Kwenye almasi iliyotiwa boroni hufikia volti 3 hivi, na ndani yake mkondo wa chinichini ni mdogo sana. Ni kama chumba kilicho kimya: anayenong'ona husikika. Pleskov na wenzake wa Moscow waliandika kuhusu elektrodi za almasi mwaka 1987.

Hatua ya tatu ni kupandisha na kushusha volteji huku mkondo ukiandikwa. Nimeliona jina "voltametria ya mzunguko", lakini "mzunguko" tayari ni saketi ya umeme. Napendekeza "voltametria ya kwenda na kurudi", kwa kuwa ndivyo volteji inavyofanya. Elektrodi kubwa hutoa mchoro wenye kilele. Kitalu chenye nafasi nzuri hutoa mchoro wa umbo la S lililolala, unaopanda kisha kutulia. Mkondo wa kutulia wa mikroelektrodi moja ya duara ni I = 4nFDCr. Kwa elektroni moja, ferisianidi ya milimoli moja kwa lita na nusukipenyo cha mikromita 5, jibu ni karibu nanoampea 1.5. Mikroelektrodi mia moja zinapaswa kutoa karibu nanoampea 150. Zikitoa pungufu sana, ama baadhi ya matundu yameziba, ama majirani wanagombania.

Hatua ya nne ndiyo inayonivutia zaidi kama mwanafunzi wa lugha. Mafundi hawatumii kemikali moja ya majaribio, hutumia mbili. Ya kwanza, yenye ruteni, haijali sana uso wa almasi ukoje. Ya pili, ferisianidi, hujali: uso uliofunikwa na oksijeni huipokea vibaya kuliko uso uliofunikwa na haidrojeni. Zote mbili zikifanya vizuri, kitalu ni kizuri. Ya kwanza ikifanya vizuri na ya pili vibaya, tatizo liko kwenye ngozi ya almasi. Zote zikifanya vibaya, tatizo liko ndani: boroni haikutosha au waya haukushika.

7. Kupima sentensi

Nachukua mbinu hiyo ya majaribio mawili. Kila istilahi ipelekwe kwa wasikilizaji wawili: mmoja anayeijua fani, mwingine atakayeishi na majibu. Wote wakielewa, istilahi ni nzuri. Wa kwanza akielewa na wa pili akapotea, tatizo liko mahali istilahi inapogusana na maisha. Wote wakipotea, dhana yenyewe haikuelezwa.

Tuchukue upimaji wa metali ya Pb. Volteji hasi huwekwa kwa dakika kadhaa ili metali hiyo itoke majini na kujikusanya juu ya almasi. Kisha volteji hupandishwa, metali hung'oka kurudi majini, na mkondo hutoa kilele. Urefu wa kilele hueleza wingi. Kwa familia yetu ya maneno, hii ni voltametria ya mavuno. Ili kuhakikisha, mpimaji huongeza katika maji yaleyale kiasi kidogo cha Pb anachokijua. Kilele kikikua sawasawa, kipimo kinaaminika.

Kwa msikilizaji wa kwanza, "risasi" ni sahihi. Kwa msikilizaji wa pili ni hatari, kama nilivyosema mwanzoni. Kivu husema pia "masasi" kwa risasi za bunduki, lakini hilo haliondoi maana ileile katika "risasi". Napendekeza "plumbi", kutoka jina la Kilatini lililozaa alama Pb. Aliyesoma kwa Kifaransa ataona jamaa yake, "plomb", na neno halitamkimbiza mtu porini.

Baada ya nomino, kitenzi. Hebu tubuni, kwa ajili ya somo tu, kitalu kinachoweza kuona plumbi kuanzia mikrogramu 2 kwa lita, na maji ambayo hayakutoa kilele. Taarifa inaweza kuandikwa kwa njia tatu:

(a) Maji haya hayana plumbi.
(b) Plumbi haikuonekana katika maji haya.
(c) Kama plumbi imo, haifiki mikrogramu 2 kwa lita. Chini ya hapo kipimo chetu hakioni.

Sentensi (a) hukanusha hali. "Hayana" haina wakati wala mpimaji. Inasema maji yako hivyo, leo na kesho. Kifaa hakikusema hayo. Sentensi (b) ina -ku- ya wakati uliopita uliokanushwa, kwa hiyo inahusu tukio: tulipima, hatukuona. Ni kweli, lakini -onekana huficha jicho lililotazama na uwezo wake. Sentensi (c) ni ndefu, ila ndiyo pekee inayotaja kikomo cha ugunduzi kwa maneno ya kawaida. Anayechota maji akiisikia (c) anajua kwamba mvua ikinyesha na tope la machimbo likishuka mtoni, kipimo kirudiwe. Akiisikia (a), atapumzika.

Jambo la mwisho ni neno "salama". Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha plumbi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na shirika hilohilo husema kwamba hakuna kiasi cha plumbi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa hiyo kuandika "maji yenye plumbi chini ya 10 ni salama" ni kutafsiri vibaya. "Kiwango elekezi" kibaki kiwango elekezi, na mama anayemchotea mtoto mchanga aelezwe kwamba kilicho kidogo zaidi ni bora zaidi.

8. Hitimisho

Istilahi ninazopendekeza ni hizi: mikroelektrodi, kitalu cha mikroelektrodi za almasi, mbegu na kuotesha kwa ukuzaji wa almasi, almasi iliyotiwa boroni, usambaaji, voltametria ya kwenda na kurudi, voltametria ya mavuno, kikomo cha ugunduzi, na plumbi badala ya risasi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi ya namna hiyo ni msingi tunaosimama juu yake. Kinachobaki kwetu wanafunzi ni kuyatoa maneno kabatini na kuyatumbukiza katika maji ambamo yatafanya kazi.

Wenzangu mnaosoma fani nyingine, jaribuni zoezi hili. Chagueni kifaa kimoja kinachotoa majibu kuhusu mwili, shamba au maji ya watu. Andikeni jibu lake moja kwa sentensi tatu, kama (a), (b) na (c). Msomeeni mtu ambaye jibu linamhusu, kisha mwulizeni jambo moja tu: baada ya kusikia hivi, utafanya nini? Matendo yake yatawaonesha ni sentensi ipi iliyobeba ukweli hadi kwake.